Nimemaliza riwaya ya kondoo, tangu Jumapili silali vizuri (na karatasi ya mwisho imeng'oka, nisaidieni)

#1 Mchuuzi_wa_Kirumba (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Miezi miwili nyuma nilikuwa Dar kufuata mzigo wa dukani. Siku ya kurudi nikapita kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba pale Posta, nikaokota kimoja kichakavu kwa buku tatu. Kinaitwa The Sheep Look Up, mtunzi John Brunner, Mwingereza, kilitoka 1972. Niliona kondoo kwenye jina nikadhani ni cha ufugaji. Msinicheke, mimi nauza pembejeo, kila kitu nakiona kwa jicho la duka.

Si cha ufugaji. Ni hadithi ya Marekani ya siku za mbele kidogo tu, mwaka mmoja kamili, sura moja kwa kila mwezi, inaanza Desemba inaishia Novemba. Watu mjini wanatembea na barakoa za kuchuja hewa. Kuna siku tangazo linatoka kwamba maji ya bomba yasinywewe, na watu wanalipokea kama sisi tunavyopokea tangazo la kukatika umeme: wananuna, wanaendelea. Chawa na viroboto hawasikii dawa. Watoto wanaugua ugua. Kuna chakula cha msaada kimetengenezwa kiwandani Colorado, kikapelekwa Afrika kwa wenye njaa ya vita, waliokula wakarukwa na akili wakauana. Na rais wao kila msiba ana kauli yake fupi ya mzaha kwa waandishi wa habari.

Yupo mtu mmoja, Austin Train, msomi aliyeonya mapema. Wafuasi wanafanya fujo kwa jina lake wala hakuwatuma. Mwenyewe kajificha Los Angeles, anazoa taka kwa jina la bandia.

Sasa kilichoninyima usingizi. Ukitafuta humo siku ambayo dunia iliharibika, huioni. Kila balaa lina maelezo yake na kila maelezo yana mtu wa kuyatoa, mwenye tai. Wiki iliyopita mzee mmoja kaja dukani, mahindi yake yameliwa na viwavijeshi vamizi, dawa aliyopiga haikuwafanya kitu. Anataka kali zaidi. Nikamuuliza umechanganyaje, akasema kifuniko kimoja hakikutosha kwa hiyo alitia vitatu. Nikamuuzia. Usiku nikafungua kitabu nikakuta minyoo imeingizwa nchini ikichanganywa na minyoo ya kurutubisha udongo, inamaliza mashamba, dawa haisikii. Nikakifunga.

Aliyekisoma aje tuongee. Na pili: nakala yangu karatasi ya mwisho haipo. Kurasa za mwisho nilizonazo ni za yule bwana wa kompyuta kwenye kipindi cha televisheni. Je, ndiyo mwisho?

#2 kitokololo

Naweka kiti hapa, wa kwanza kabisa. Endeleeni.

#3 Bakora_Kavu (Dodoma)

Mkuu Mchuuzi, nilikisoma nikiwa chuo, kwenye simu. Nitasema wazi: ni kitabu kilichoandikwa vizuri na mtu aliyekosea.

Tazama tarehe. Mto Cuyahoga pale Cleveland uliwaka moto Juni 1969. Mwaka huohuo mafuta yalimwagika baharini Santa Barbara. Wamarekani wakakasirika, Aprili 1970 wakaandamana mamilioni, Desemba 1970 mamlaka yao ya mazingira ikaanza kazi, mwaka huo pia sheria ya hewa, 1972 sheria ya maji na marufuku ya DDT, ile dawa ya wadudu, mashambani. Yaani kitabu kinaingia dukani, nchi imeshaanza kugeuza usukani. Leo Cuyahoga una samaki. Brunner aliandika kama vile watu hawana mikono, wanasubiri kuchinjwa.

Na hili ndilo linalonikera kwa riwaya zote za namna hii. Msomaji akimaliza anajisikia mwerevu na mnyonge kwa pamoja, halafu anafanya nini? Halali. Mchuuzi mwenyewe ushahidi huo, kakosa usingizi na bado kamuuzia mzee dawa.

#4 Mchuuzi_wa_Kirumba

Bakora, hiyo ya mwisho imeingia. Ila ningemnyima angeenda duka la jirani.

#5 Bakora_Kavu

Jibu hilohilo lipo kitabuni, karibu kila mtu mle analo.

#6 Mama_Chacha_RN (Musoma)

Nimecheka hapo kwa uchungu.

Mimi sijakisoma chote, nimefika Aprili (hiyo ni sura, si mwezi wa leo). Ni kigumu. Majina mengi mno, mtu unamzoea ukurasa wa 20 anafia ukurasa wa 24, halafu katikati anachomeka tangazo la biashara, kipande cha gazeti, shairi, unajiuliza nimeruka ukurasa? Nimeanza kuandika majina kwenye daftari kama rejesta ya wodi.

Lakini kaka Bakora, kuhusu kukosea. Machi 2022 mimi nilikuwa zamu wakati maji ya Mto Mara yalipobadilika yakawa meusi na samaki wakaelea wamekufa. Watu wa kando ya mto wanakunywa maji yale, wanaoga yale. Mnakumbuka kamati ya serikali ilisema nini: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, na mimea iliyooza. Nchi nzima ikacheka, bungeni wakabisha, mitandaoni vikatungwa vichekesho hadi watu wakachoka. Huenda kamati ilikuwa sahihi, mimi si mkemia. Nasema hivi: tulicheka, halafu tukanyamaza. Kicheko kilitosha kuwa jibu. Ndivyo rais wa kitabuni anavyofanya kazi, naye habishi na ukweli, anautilia mzaha tu na wiki inaisha.

Kwa hiyo sijamwona mle mtu asiye na mikono. Nimeona watu wenye kazi zao. Mwenye bima anakata bima, askari analinda, mwandishi anaandika anachoruhusiwa. Kila mmoja kashika kona yake ya sanda.

#7 Ndovu_Kuu_254 (Nairobi)

Wacha nijitose. Mwaka huo wa 1972 una jambo lingine ambalo sisi Wakenya tunalipita kila siku na gari. Juni mwaka huo Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano Stockholm juu ya mazingira, mkubwa wa kwanza wa aina yake, na matokeo yake ni UNEP, shirika lao la mazingira, makao makuu Gigiri. Kwa hiyo mwaka ambao Brunner alizika dunia, wengine walikuwa wanatafuta ofisi ya kuiokoa, na ofisi ikaja kwetu. Mimi hupita hapo nikienda kazini, miti mizuri, nyasi zimekatwa.

Na chini huku Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifunguliwa 2007 kimepakana ukuta na nyumba za watu. Risasi kwenye maji, kwenye udongo, kwenye damu ya watoto. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo aligundua hata maziwa yake yanamdhuru mtoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Wakaazi walishtaki, 2020 korti ikawapa shilingi bilioni 1.3, rufaa zikaanza, na Mahakama ya Juu ikaamua upande wao Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka 17 siku ya hukumu hiyo.

Niko upande wa nani? Wa wote wawili, samahani. Bakora ana haki kwamba sheria hushinda. Mama Chacha ana haki kuhusu muda ambao sheria hutumia kushinda.

#8 kitokololo

Kiti changu kimevunjika. Naomba benchi.

#9 Forodhani_Boy (Unguja)

Yakhe, hivi mnajua huyo bwana ndiye yule wa Zanzibar?

Miaka minne kabla ya hicho chenu, 1968, aliandika kingine jina lake Stand on Zanzibar, kikapata tuzo ya Hugo, ile ya riwaya za kisayansi, 1969. Nilikiona kwa mtalii hotelini, nikamwomba anionyeshe tumeandikwaje. Khaa! Sisi hatumo. Zanzibar ni kipimo tu. Hesabu yake ni kwamba binadamu wote wa 2010, bilioni saba kwa makadirio yake, wakisimama bega kwa bega wataenea juu ya kisiwa chetu. Basi. Karafuu hakuna, Darajani hakuna, hata dafu.

Na hiyo bilioni saba ilifika kweli, 2011. Kapishana na mwaka mmoja. Kwa hiyo Bakora, kwenye hesabu za watu mzee hakukosea. Aliyekosea ni aliyedhani tutawapisha wasimame bure bila kulipa kiingilio.

Nauliza tu: mtu anayetufanya sisi rula ya kupimia watu, na Waafrika wa kile chenu wanakula unga wa msaada wanakufa sura ya kwanza ili Mmarekani apate kisa, huyu analia na nani?

#10 Mama_Chacha_RN

Swali zuri kuliko yote hadi hapa.

#11 Mwalimu_Mstaafu (Moshi)

Salaam kwenu vijana.

Nimefundisha fasihi miaka mingi, naomba kuongeza juu ya jina maana limeachwa nyuma. Limetoka kwenye shairi la John Milton la 1637, maombolezo ya rafiki yake aliyezama baharini. Katikati ya kilio Milton anageuka na kuwashambulia wachungaji wa kanisa: kondoo wana njaa, wanainua vichwa kuwatazama, na hawapewi kitu, wanavimba kwa upepo na ukungu waliouvuta, wanaoza ndani, na ugonjwa unaenea. Mtu wa kanisani hapa Moshi hahitaji maelezo zaidi.

Ndiyo maana simwungi mkono Bakora moja kwa moja. Anasema watu wa kitabu hawana mikono. Kwa Milton kosa si la kondoo. Kondoo wameinua vichwa, wamefanya sehemu yao. Kitabu hiki nakisoma kama malalamiko dhidi ya wanaopaswa kulisha na hawalishi, na chakula chenyewe ni habari ya kweli. Hakuna hata mmoja mle anayepewa habari nzima. Mwandishi wa gazeti ana kipande, daktari ana kipande, mwanajeshi ana kipande. Sisi wasomaji pekee tunaviona vyote, na hatuwezi kuwapigia simu. Uchungu wa kusoma unatoka hapo, na ule mkatokato aliolalamikia binti yangu Mama Chacha umewekwa kwa kazi hiyo.

Kwa swali la Forodhani: analia na Waingereza na Wamarekani wenzake, nadhani. Si dhambi. Lakini umeona sawasawa kwamba Mwafrika pale ni kengele ya kuwaamsha wengine.

#12 Bakora_Kavu

Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye habari nzima umenipa la kufikiri. Bado nasema angewapa walau dirisha moja. Daktari hamwambii mgonjwa "unakufa" na kuondoka.

#13 Mama_Chacha_RN

Kaka, tunasema hivyo mara nyingi kuliko unavyodhani. Hatuondoki tu.

#14 Mtabora_wa_Aurora (Colorado)

Wadau, nimeuona uzi huu saa tisa usiku huku kwetu, nimeshindwa kulala na mimi, lakini sababu ni zamu.

Naishi Aurora, ubavuni mwa Denver, na sehemu kubwa ya hicho kitabu ipo hapa. Onyo: nitataja siri ya hadithi, asiyemaliza aruke.

Sumu ya kile chakula cha msaada inatoka wapi? Train anakuja kuifichua mwishoni: sumu ya kijeshi iliyozikwa Rocky Mountain Arsenal ilivuja ikafika kwenye maji ya kiwanda. Mtunzi hakulibuni hilo eneo. Lipo. Jeshi lilijenga mwaka 1942, wakatengeneza gesi ya haradali, baadaye sarini, sumu ya neva, na kampuni za viuatilifu zikakodi humohumo. Majitaka yakiwashinda, wakachimba kisima cha zaidi ya mita 3,600 wakawa wanayasukuma chini ya ardhi, 1962 hadi 1966. Denver ikaanza kutetemeka. Matetemeko makubwa zaidi yalikuja 1967, pampu zimeshazimwa. Kwa hiyo Brunner alipokaa kuandika, hiyo ilikuwa habari ya juzi.

Sasa nisikilizeni. Eneo lile leo ni hifadhi ya wanyama. Walisafisha miaka na miaka, wakamaliza kazi kubwa 2010. Tangu 2007 kuna nyati wa Kimarekani, wale wenye nundu na ndevu. Jumapili nawapeleka watoto, unaendesha gari taratibu, nyati wanavuka barabara, nyuma yao unaona maghorofa ya Denver. Ni pazuri, siongopi. Ila kuna sehemu zimefunikwa na hazifikiki kwa mgeni, uchafu mwingine umezikwa humohumo kwenye mashimo yaliyojengewa, na maji ya chini ya ardhi bado yanasafishwa hadi leo. Nyati anakula majani juu, pampu inafanya kazi chini.

Mtoto wangu wa pili aliniuliza kwa nini kuna uzio mle ndani. Nikamwambia ni kwa ajili ya nyati.

#15 Ndovu_Kuu_254

Hii ndiyo komenti ya uzi.

#16 Bakora_Kavu

Mtabora, umenisaidia mimi au wao? Nyati wapo. Walisafisha.

#17 Mtabora_wa_Aurora

Nimekusaidia nusu, mkuu. Walisafisha kwa sababu walikuwa na pesa ya kusafisha. Owino Uhuru bilioni 1.3 yao wameisubiri kwa miaka.

#18 Mchuuzi_wa_Kirumba

Nimerudi, duka lilikuwa na watu.

Niwarudishe kwa yule bwana wa kompyuta, Tom Grey, kwa maana ndiye aliyeniharibia Jumapili. Ni mtu wa kampuni ya bima, kakaa miezi akilisha mashine takwimu atafute njia ya kuokoa dunia. Wanamweka kwenye televisheni, mtangazaji anamuuliza umepata nini. Anajibu kwa upole kabisa: mizani itarudi ikiwa wataondolewa watu milioni 200, wale wenye matumizi makubwa na ya hovyo kuliko wote. Nimesoma mara tatu. Bakora, hapo nakubaliana nawe kidogo, huyu mtunzi alikuwa kachoka na watu.

#19 Mama_Chacha_RN

Subiri kwanza kaka. Milioni 200 ni kina nani?

#20 Ndovu_Kuu_254

Dada umegusa. Sensa ya Marekani ya 1970: watu milioni 203.

#21 Forodhani_Boy

Ohoo. Basi safari hii rula si sisi.

#22 Mwalimu_Mstaafu

Na angalieni kwamba anayesema ni mtu wa bima. Hajasema kwa hasira, ametoa jibu la hesabu aliyopewa. Mtu akiuliza swali la bima atapata jibu la bima. Sidhani Brunner anatuambia tufanye hivyo. Anatuonyesha kwamba msomaji wake wa kwanza, aliyenunua kitabu New York kwa dola zake, ndiye aliyemo kwenye orodha, na huenda asijitambue. Kijana wangu Forodhani aliuliza analia na nani. Nadhani tumepata.

#23 Bakora_Kavu

Mwalimu nakubali sehemu hiyo. Ila mwandishi anayemfanya msomaji asijitambue hadi mtu wa Nairobi amletee sensa, kaficha mno.

#24 kitokololo

Jamani na ukurasa wa mwisho? Mtu kaomba msaada tangu juzi mnamletea sensa.

#25 Mtabora_wa_Aurora

Kweli, tumemsahau mwenye uzi. Mimi nakala yangu ni nzima.

Baada ya ile televisheni kuna kipande kimoja kifupi sana, nusu ukurasa. Marekani haimo tena. Ni Ireland. Mwanamke yuko nyumbani, ananusa moshi, anadhani kuna moto mkubwa karibu, anataka waitwe zimamoto. Aliye naye anamjibu kwamba zimamoto watakuwa na safari ndefu: moshi unatoka Amerika, upepo ndio unavuma kuja huku.

Ndiyo mwisho wa hadithi. Baada yake ni mistari ya Milton tu, ile ya kondoo.

Nilipousoma mara ya kwanza niliona kazidisha chumvi. Halafu tarehe 30 Desemba 2021, upande wa Boulder, upepo mkali mchana, nyasi zikashika moto, hadi usiku nyumba zaidi ya elfu moja hazipo. Mwezi wa Desemba, kesho yake theluji ikaanguka juu ya majivu. Na Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ukaifanya New York kuwa rangi ya chungwa, ukavuka bahari, ukaonekana hadi Norway. Jirani yangu hapa alitoka nje akanusa akaniuliza, ni nyama ya nani hiyo?

#26 Mama_Chacha_RN

Ee Mungu wangu.

#27 Mwalimu_Mstaafu

Rafiki yake Milton alizama kwenye bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland. Siapi kwamba Brunner alikusudia kuishia huko kwa sababu hiyo. Lakini leo nimekaa nalo tangu chai ya saa nne.

#28 Mchuuzi_wa_Kirumba

Asante Mtabora. Nimekaa kimya kidogo kwanza.

Ajabu ni kwamba bila ile karatasi nilikuwa nimekielewa vingine. Kwangu kiliisha kwa mtu anaongea kwenye televisheni, yaani bado kuna televisheni, bado kuna mtu anasikiliza, kesho ipo. Nilikuwa silali lakini nilidhani wamebaki na muda. Kumbe aliyeng'oa karatasi alinihurumia.

Yule mzee wa mahindi amerudi leo asubuhi. Viwavi bado wapo, na sasa na nyuki wa jirani yake wamekufa, jirani kaja juu. Hakutaka dawa, alitaka tu kukaa kwenye benchi la duka. Nikamwonyesha jinsi ya kusoma lebo. Hasomi vizuri, kwa hiyo nimemchorea kifuniko kimoja kwa maka, kwenye dumu lake. Bakora usiseme kitu.

#29 Bakora_Kavu

Sisemi.

Hicho kitabu ukimaliza nacho, nitumie Dodoma. Nataka kukisoma kwenye karatasi, labda simu ndiyo iliyonikosesha.

#30 Forodhani_Boy

Baada ya Dodoma kije Unguja, tafadhali. Nataka nimwone mwenyewe.

#31 Mchuuzi_wa_Kirumba

Bakora, kimo ndani ya basi la kesho saa kumi na moja alfajiri, nimempa kondakta, namba ya mzigo nimekutumia pembeni. Jalada nimelibandika gundi. Huko mwisho utakuta karatasi ya daftari, nimenakili maneno ya Mtabora kwa mkono wangu, mwandiko mbaya mtanisamehe. Nimeibana kwa pini ili asiyetaka aitoe.